Bipu ya Jioni

Mimi kazi yangu ni kusikiliza watu. Usinionee gere. Nakaa kwenye kiti chenye gurudumu moja bovu, hedifoni masikioni, na tangu asubuhi mpaka jioni watu wananimiminia hasira zao humo ndani, nami najibu, "Asante kwa kupiga simu, nikusaidie nini?" Mteja akitukana, nashukuru. Akilia, nashukuru. Akikaa kimya huku nasikia masufuria yanagongana nyuma yake, namsubiri, kwa sababu kampuni yetu ya simu ina sheria moja isiyo na msamaha: mhudumu hakati simu kwanza. Anayekata ni mteja, hata kama amepitiwa na usingizi.

Kwa hiyo nikifika nyumbani sitaki hata kuiona simu. Navua viatu vyangu, naitupa simu juu ya kabati la vyombo pamoja na funguo, na binti yangu anajua kwamba mpaka nimalize chai yangu asiniulize kitu. Simlaumu akiniona mama mwenye gubu. Na kweli ninalo.

Mwaka ule ninaousimulia tulikuwa na balaa letu kazini. Kampuni ilikuwa inazima mtandao wa zamani. Zile simu ndogo za vitufe, zenye tochi kichwani, zinazoanguka kutoka juu ya meza na kuendelea kuita, zote zilikuwa zigeuke mawe siku moja. Tukapewa karatasi ya maneno ya kusoma: "Mpendwa mteja, tunaboresha huduma zetu kwa ajili yako." Kwa ajili yako! Msimamizi wetu, msichana mdogo mwenye kucha ndefu, alikuwa akipita nyuma ya viti vyetu na kutuambia tutabasamu, eti tabasamu linasikika kwenye simu. Mzee mmoja aliniuliza, "Binti, hivi simu yangu imekosa nini?"

"Haijakosa kitu, baba."

"Sasa mbona mnaiua?"

Kwenye karatasi yangu swali hilo halikuwa na jibu. Nikamsomea tena sentensi ya kwanza, akanishukuru, akakata. Hao wanaoshukuru ndio wanaonichosha kuliko wanaotukana.

Sasa, hiyo bipu.

Nilipoachana na mume wangu nilibadili kila kitu alichokuwa anakijua: kitasa cha mlango, njia ya kwenda kazini, na namba ya simu. Laini mpya nilipewa hapohapo kazini. Jioni ya kwanza kabisa, jua linazama, majirani wanafunga madirisha kuzuia mbu, simu ikaita mara moja ikakata. Namba siijui. Nikasema, haya, ameshanipata, huyu mwanamume ana pua ya mbwa. Nikakaa macho mpaka chai ikapoa. Kesho yake saa ileile, mlio mmoja, kimya. Keshokutwa vilevile.

"Si umpige bloku tu, mama?" binti yangu akasema bila kuinua macho kwenye simu yake. Yuko chuo, na simu yake kailea kuliko mimi nilivyomlea yeye.

"Nimbloku wa nini? Anabipu tu."

"Anafanyaje?"

"Anabipu."

"Kubipu ndiyo nini?"

Lo! Nimezaa mtoto asiyejua kubipu. Ilibidi niketi chini. Nikamwambia, mwanangu, wakati simu zinaingia, kuongea kulikuwa kwa wenye nacho. Vocha ilikwanguliwa kwa heshima, mtu akiongea anatazama saa. Lakini simu ikiita bila kupokelewa, kampuni haikati kitu. Hakuna aliyetufundisha. Watu wenyewe waliona upenyo, wakapita hapo nchi nzima. Mimi na marehemu bibi yako tulikuwa na lugha yetu. Bipu moja: niko salama, lala. Mbili: ukipata salio nipigie. Tatu: njoo, kuna jambo. Na adabu yake ni kwamba bipu haipokelewi. Ukipokea umekula salio la mwenzio, na huo ni wizi. Nilikuwa na mjomba mmoja kidole chake chepesi, simu haijaita vizuri keshadaka, "Haloo!" Ukoo mzima tulimwita Mwewe. Mpaka anazikwa hakuna aliyekuwa anambipu.

Binti akacheka. "Kwa hiyo mlikuwa mnapigiana simu ili msiongee."

"Ndiyo."

"Sisi tunaandikiana ili tusiongee."

"Haya basi, damu moja," nikamwambia, nikaenda kuoga.

Sikumbuki ilikuwa wiki ya ngapi. Nilirudi kichwa kinagonga, siku hiyo mteja mmoja alikuwa amenitukania wazazi kwa sababu ya laini ya mkewe. Sijavua hata kiatu cha pili, simu ikaita mara moja, ikakata. Hasira zikanipanda. Nikasema dawa ya moto ni moto. Nikaipiga namba ile, nikaiacha iite mara moja, nikakata. Na yeye aonje.

Kumbe nilikuwa nimemjibu.

Kesho yake bipu ikaja, nami nikairudisha, bado kwa hasira. Siku iliyofuata nikairudisha kwa mazoea. Sijui hasira ilienda wapi wala lini. Ikawa simu haikai tena juu ya kabati jioni, inakaa karibu na kikombe. Katika simu zote nilizopokea kutwa nzima, hiyo peke yake ndiyo ilikuwa hainidai kitu. Haiulizi salio limekwenda wapi. Haitaki kuongea na mkubwa wangu. Inaita, nairudisha, yamekwisha. Binti yangu alianza kunitania kwamba nina mchumba bubu.

"Na angekuwa bubu kweli ningeolewa," nikamwambia.

Jumapili moja udadisi ukanishinda, nikapiga hasa. Nikasema nimjue mtu wangu ni nani. Haikuita sana. Ikapokelewa, na kabla sijafungua mdomo sauti ya mwanamke mzee ikanidaka, ya haraka haraka, ya mtu anayezima moto: "Kata, kata mwanangu, unamaliza salio! Nimeshaona. Lala salama." Akakata yeye.

Nilibaki nimesimama na simu mkononi. Mwanangu! Mimi sina mama. Mama yangu nilimzika kabla binti yangu hajaota meno.

Kazini yuko mzee mmoja tunayemwita Mkongwe. Alianza na kampuni enzi laini zinauzwa mezani chini ya mwavuli. Hana adabu kwa wakubwa, anakula karanga kwenye meza ya kazi, na kila mtu anajua kwamba kiti chake ndicho cha kwanza kitakachochukuliwa ile sauti ya mashine ikishajifunza kujibu wateja. Ilikuwa inajifunza kwa kutusikiliza sisi. Wakati wa chai nikamweleza.

"Sasa hapo unaniuliza nini?" akasema. "Laini ikikaa muda bila kutumika inarudi ghalani, inafutwa vumbi, anapewa mwingine. Wewe hujui?"

"Najua. Nauliza mwenyewe yuko wapi."

"Kahama. Kafungwa. Kaoa mwanamke asiyempenda mama mkwe. Kafa. Chagua."

"Mungu wangu, wewe mzee!"

"Umeniuliza." Akatema ganda la karanga mkononi. Kisha akaniambia, na alikuwa hatanii tena, kwamba zamani wakubwa walijifungia chumba cha juu siku nzima kutafuta dawa ya bipu. Mitambo inahema, watu wanazungumza usiku na mchana, na hakuna senti inayoingia. Wakaleta ujumbe wa bure wa kuomba upigiwe, wakidhani wameweza. Watu wakautumia kutongozana. Basi ikabidi washushe bei ya kuongea, na bei iliposhuka bipu ikafa yenyewe, na sisi tukaajiriwa kwa mamia kwa sababu sasa kila mtu anaongea na kila anayeongea ana malalamiko. "Tuliwauzia kitu cha kuongelea, wakakifanya kengele," akasema. "Tukabadilisha kitu kwa sababu yao, nacho kikawabadilisha wao. Wewe binti yako anaweza kubipu? Hawezi. Anaweza kukaa jioni moja bila simu? Hawezi. Mimi nimekaa hapa miaka yote na sijui bado nani kamfuga nani."

"Na huyu bibi nimfanyeje?"

"Muache. Unampa usingizi wa bure. Ukimwambia wewe si mwanawe umemfanyia nini?"

Nikaona ana hoja. Nikaendelea kurudisha bipu, na kila nikiirudisha roho inaniuma kidogo, kama mtu anayekula sahani ya mwenziwe aliyechelewa.

Halafu siku moja, niko na mteja sikioni, namsomea "simu za vitufe hazitaweza kupiga wala kupokea," maneno yakaniishia kinywani. Mteja akaita haloo, haloo. Mimi namuona yule bibi. Namba yake haikuwa na picha wala dalili yoyote kwenye zile programu za kuchati; mtu anayebipu mpaka leo, tena anakata kwa kuogopa salio wakati vifurushi vya dakika vinagawiwa kama pipi, huyo simu yake ni ya vitufe, sihitaji kupiga ramli. Mwisho wa mwezi atabonyeza, haitaita. Atangoja bipu ya mwanawe, haitakuja. Ataamua mwenyewe kwamba mwanawe kafa. Au ataanguka bafuni, abipu mara tatu, na zile tatu zisifike kwa mtu yeyote duniani.

Ilibidi nimwambie. Na ili nimwambie ni lazima aisikie sauti yangu, na akiisikia sauti yangu atajua kwamba jioni zote hizo hakuwa akijibiwa na mwanawe. Hapo ndipo niliponasa, na kila siku iliyopita ilinibana zaidi.

Kwanza nikajifanya mjanja, nikaandika ujumbe: Mama, simu yako itazimwa mwisho wa mwezi, tafadhali tafuta nyingine. Hakujibu; pengine hasomi ujumbe. Jioni ikaja bipu moja, salama salimini. Nikajaribu ule ujanja ambao kila mtu anaujua, wa kujifanya unamtumia hela ili jina litokee. Likatoka jina la kike la kizamani, la aina ambayo siku hizi watoto hawapewi, nikaghairi kutuma. Jina halikuniambia anakaa wapi. Kwenye mashine za kazini ningeweza kumtafuta, lakini anayechungulia taarifa za mteja bila sababu anafukuzwa siku hiyohiyo, na mimi nina ada ya chuo ya kulipa. Sikuchungulia.

Basi nikapiga.

"Kata mwanangu, hela hiyo!"

Akakata. Kesho yake nikajipanga, nikavuta pumzi kabisa, simu inapokelewa tu nikaanza, "Mama simu ya..."

"Kata! Nimeona!"

Nilicheka mpaka binti akatoka chumbani. Halafu nikakasirika. Siku ya tatu nikapiga asubuhi kabla ya kazi, hakupokea kabisa. Jamani, mimi kazi yangu ni kushikwa na watu wasiotaka kukata, na huyu mmoja ninayetaka kuongea naye ananikatia kabla sijameza mate. Nikamwambia binti yangu, "Huyu bibi ana kidole chepesi kuliko Mwewe."

"Labda hataki kuongea," binti akasema.

"Hataki kuongea na mwanawe?"

Binti akainua mabega. Wakati ule niliona ni jibu la kitoto.

Siku ya mwisho ikafika. Ofisini kulikuwa kama tanuri, viyoyozi vimeshindwa, taa za simu zinazosubiri zinawaka ukuta mzima. Watu walikuwa hawatukani tena. Walikuwa wanauliza kwa upole, kwamba kama simu yangu haitapiga, tochi yake je, itawaka? Nikawaambia itawaka. Ndilo jambo pekee zuri nililomwambia mtu siku ile. Jioni Msimamizi akaleta keki yenye rangi za kampuni, akatushukuru kwa kuandika historia. Mkongwe akakata kipande kikubwa kuliko cha mtu yeyote, akakifunga kwenye karatasi ya maneno ya kusoma, akaondoka bila kuaga.

Nilifika nyumbani miguu imevimba. Jua lilikuwa halijazama vizuri. Sikungoja bipu. Nikakaa kwenye kiti cha jikoni, nikapiga. Ikaita mpaka ikachoka. Nikakata, nikapiga tena. Ikaita, ikaita. Nikakata. Nikapiga tena. Hakuna. Nikakata, nikaiweka simu mezani, nikafunika uso kwa mikono.

Binti yangu alikuwa mlangoni. "Mama, umempigia mara ngapi?"

"Tatu," nikasema, na nikasikia nilichosema.

Sote wawili tukatazamana. Alikuwa ameshaelewa, niliona kwa jinsi alivyoishusha simu yake taratibu akaiweka kabatini. "Tatu ni njoo," akasema.

"Kama lugha yao ni kama yetu."

"Si ulisema nchi nzima?"

Nilisema. Ee Mola wangu, nilikuwa nimemtisha bibi wa watu. Yuko peke yake pengine, usiku unaingia, mwanawe ambaye hajawahi kupungukiwa na kitu kambipia mara tatu. Atavaa viatu. Atatoka aende wapi? Ujumbe unaweza kuufuta ukiwahi, hata matusi unaweza kuomba radhi. Bipu haina namna ya kuirudisha. Nikaanza kulaani kampuni, na Msimamizi na kucha zake, na mume wangu aliyenifanya nibadili namba, nikawalaani wote kwa zamu, na binti yangu akanisikiliza hadi mwisho.

Simu ikaita.

Ilikuwa namba yake. Ikaita mara moja, na mimi nikangoja ikate, maana ndivyo ilivyo, inaita mara moja inakata. Haikukata. Ikaita mara ya pili. Inatembea juu ya meza kwa kutetemeka, inasogea ukingoni. Ikaendelea kuita. Mwanamke ambaye miezi yote hii hajatumia hata sekunde moja ya salio lake alikuwa ananipigia simu kabisa, na mimi niliyepokea simu za nchi nzima mkono uligoma.

"Pokea, mama," binti akasema.

Nikapokea. Sikusema asante kwa kupiga simu.

"Haloo," sauti ikasema. Ilikuwa inahema. "Nilikuwa uani naanua nguo, nimekuta zimeingia tatu. Umepatwa na nini?"

"Mama," nikasema, "nisamehe. Mimi si..."

"Najua wewe si yeye."

Nikaibana simu sikioni.

"Sijakuuliza wewe ni nani. Nimekuuliza umepatwa na nini. Unaumwa? Kuna mtu hapo karibu nawe?"

"Unajua tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu uliponijibu." Akavuta pumzi. "Mwanangu yule alikuwa mvivu, Mungu amrehemu. Nambipu kila jioni, hajibu hata siku moja. Nikimlaumu anasema, si nimeona, mama. Hata yuko hai hajawahi kunirudishia bipu, leo amelala kaburini ndiyo ashike adabu? Mimi nilikuwa nabipu tu, mkono umezoea. Halafu jioni moja ikarudi. Nikasema, huyu ni mtu, na ana hasira." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Iliita kwa hasira ile ya kwanza."

"Sasa kwa nini ulikuwa unanikatia, mama?"

"Kujua ni kitu kimoja, kusikia ni kitu kingine. Ungesema haloo, mwanangu angekufa tena." Nikasikia anakaa, kiti kinalia. "Lakini tatu ni tatu. Sikuweza kuziacha. Haya, nimeuliza, hujanijibu. Una nini?"

Miaka yote nimeuliza watu swali hilo kwa maneno mengine, nikusaidie nini, na sidhani kama kuna aliyewahi kunigeuzia. Nilikuwa na habari ya kumpa. Nilikuwa nimeipanga, mtandao, tarehe, simu mpya. Mdomo ukatoa kingine.

"Nimechoka, mama," nikasema. "Nimechoka sana." Na machozi yakanitoka mbele ya mwanangu, sikuyajali.

"Ndiyo," bibi akasema polepole. "Lia kwanza. Mimi niko ha..."

Ikakatika. Sio yeye aliyekata. Mimi huo mlio naujua kuliko jina langu. Salio lake lilikuwa limekwisha. Kile kisalio alichokilinda kama yai kilikuwa kimeishia kwangu, na nilikuwa bado sijamwambia.

Nikapiga palepale. Ikaita. Nilikuwa nasubiri ile sauti, kata mwanangu, kata. Ikapokelewa.

"Haya," akasema. "Leo usikate."

Nikamwambia yote. Nikamwambia kwamba usiku wa leo simu yake inazimwa, kwamba kesho akibonyeza haitaita, na ya kwangu haitamfikia, na kwamba si yeye wala mimi aliyekosa kitu. Nikasikia mlango, na mbwa wa mbali, na yeye anapumua. Kwa sheria za kazini ningemsubiri. Nilimsubiri kwa sababu yangu mwenyewe.

"Mnazima tu," akasema mwisho. "Kama taa."

"Kama taa, mama."

"Na tochi?"

"Tochi itawaka."

"Basi afadhali." Akakohoa. "Siku yako ya kupumzika ni lini?"

"Jumapili."

"Chukua kalamu nikuelekeze."

Binti yangu alikuwa ameshanisogezea kalamu. Bibi akaanza kunielekeza, basi la kupanda, kituo cha kushukia, duka la vioo upite kushoto, mtaro, mti hakuna walishaukata, usihesabu milango kwa kuwa wameongeza mingine. Nikamuuliza nikipotea niulizie jina gani, lile lililotoka kwenye simu au kuna lingine.

"Jina langu hapa hawalijui," akasema. "Wewe ulizia kwa yule mama asiyepokea simu. Watakuleta mpaka mlangoni."